Battlestar Galactica: Mwisho Uliotua Tanzania

Darasani tumezoea kuambiwa kwamba mwisho ni sehemu ya msuko, na msuko ni sehemu ya fani. Basi, tunaandika, tunafaulu mtihani, yamekwisha. Mimi naona mwisho una uzito zaidi ya huo. Hapo ndipo mtunzi na hadhira yake wanapofanya hesabu ya mwisho, nani anamdai nani. Katika makala haya nitaeleza hesabu moja iliyozua ugomvi mkubwa, kisha nitadai deni ambalo naona limesahauliwa.

Mfano wangu ni tamthilia ya televisheni ya Marekani, Battlestar Galactica. Toleo la kwanza lilikuwa la Glen A. Larson, mwaka 1978. Ronald D. Moore na David Eick wakaiunda upya kuanzia Desemba 2003, na sehemu ya mwisho ikaonyeshwa tarehe 20 Machi 2009. Kwa msomaji ambaye hakuiona, kisa ni hiki: binadamu wa sayari kumi na mbili wameunda mashine ziitwazo Cylon. Mashine zinaasi, zinarudi na kuziteketeza sayari zote. Wachache walionusurika wanakimbia angani katika vyombo vyao wakiitafuta Dunia. Na kumbe baadhi ya Cylon wana miili ya nyama na damu, wamo humohumo, wengine hata hawajijui!

Mwishowe wakimbizi wanafika kwenye sayari ya kijani na kuiita Dunia. Lee Adama anashauri waache teknolojia yote, na wenzake wanakubali. Vyombo vinaelekezwa kwenye jua viungue, na watu zaidi ya 38,000 wanatawanyika wakiwa na nguo zao na akiba kidogo. Rubani Kara Thrace, yaani Starbuck, ambaye alikwisha kufa akarudi, anatoweka nyasini katikati ya mazungumzo. Kisha inapita miaka 150,000, nasi tunajikuta New York.

Watazamaji waligawanyika. Kambi ya kwanza ilikasirika kwa sababu ya msuko. Walikuwa wamesubiri kujua Starbuck ni nani hasa, na jibu likawa, eti, ni kazi ya Mungu. Walisema huo si ufumbuzi bali ni kukwepa swali, kama maigizo ya Wayunani ambamo mungu alishushwa jukwaani kwa winchi mambo yakishindikana. Hata mwandishi George R. R. Martin alilalamika hadharani. Wengine katika kambi hiyo waliuliza: jamani, mtu gani mwenye mtoto mgonjwa atakubali kutupa dawa zote kwenye jua?

Kambi ya pili ilitetea wahusika. Ilisema hadithi hii haikuwa kitendawili cha kuteguliwa, ilikuwa safari ya watu. Rais Laura Roslin, ambaye saratani ilimwandama tangu mwanzo, anaiona nchi ya ahadi kisha anakata roho. Isitoshe, unabii na maono vilikuwamo tangu sehemu za awali. Nakubaliana nao kwa hilo: Mungu wa Galactica hakuletwa kwa winchi, alikuwa jukwaani siku zote. Anayelalamika kwamba alitoka wapi hakuangalia vizuri.

Lakini kambi zote mbili, katika ubishi wao, zililiruka jambo moja ambalo mimi siwezi kuliruka. Pale New York mtu anasoma jarida (naye ni Moore mwenyewe), na tunaambiwa yamepatikana mabaki ya msichana ambaye ni Hawa wa mitokondria, mama wa ukoo wetu sote. Aliishi wapi? Katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Msichana huyo ni Hera, ambaye baba yake ni binadamu na mama yake ni Cylon.

Hapa tusome taratibu. Mitokondria ni vijisehemu ndani ya seli, na mtoto huvirithi kwa mama tu. Anayeitwa Hawa wa mitokondria hakuwa mwanamke wa kwanza, wala hakuwa peke yake. Ni yule ambaye wanadamu wote waliopo leo wanafika kwake wakifuata mama, bibi, mama wa bibi, bila kukatika. Sasa kama huyo ni Hera, maana yake ni kwamba wanawake waliokuwapo katika nchi hiyo kabla ya wageni hawana hata mmoja mwenye uzi wa kike uliofika leo. Tamthilia imetupa mama kutoka angani na kuwafuta mama wenyeji kwa sentensi moja.

Na wenyeji hao wamo! Tunawaona kwa mbali, kupitia darubini, wakitembea na mikuki. Gaius Baltar, mwanasayansi, anasema huenda hata lugha hawana. Lee anajibu kwamba hicho wageni wanaweza kuwapa. Hivi kweli? Nchi yenye nyayo za Laetoli inageuzwa mandhari tupu, na watu wake kundi la mabubu wanaosubiri kufundishwa kusema. Linganisha na *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995). Humo pia msafiri, Dzombo, anarushwa angani na kutua ugenini, lakini anayefundishwa ni mgeni, na wenyeji ndio wenye la kusema.

Hili ndilo linalonifikisha kwenye vichipukizi, yaani hadithi zilizotokana na ile kubwa. Filamu *The Plan* (2009) ilisimulia maangamizi yaleyale kwa upande wa Cylon. *Caprica*, iliyoanza kuonyeshwa Januari 2010, ilirudi nyuma miaka 58 kabla ya maangamizi. Ilisimamishwa Oktoba mwaka huohuo. *Blood & Chrome* (2012) ikarudi kwenye vita vya kwanza, William Adama akiwa kijana. Zote tatu zinatazama nyuma. Watetezi watasema ni lazima, maana mwisho umefunga mlango: vyombo vimeungua, watu wametawanyika.

Mimi nasema mlango haukufungwa, ila waliotoka hawakuangalia upande wa pili. Kati ya nyasi zile na New York kuna miaka 150,000. Walioshika mikuki waliwaonaje wageni wasiojua kuwasha moto wala kufuata nyayo za mnyama? Nani alimlisha nani mwaka wa kwanza? Nani alimfundisha nani maneno? Hicho ndicho kichipukizi ninachokidai, na hakihitaji chombo cha angani hata kimoja.

Najua nitaambiwa nadai makubwa kwa tamthilia iliyorekodiwa Vancouver, Kanada. Sawa. Lakini waliotaja jina la Tanzania ni wao, na ukitaja jina la mtu, naye ana haki ya kuitika. Mwenye hoja tofauti aandike, nitamsoma.