Je, Wajua? Nondo Anayekimbia Taa

Nondo wengi wa mji wa Moshi huzunguka taa za barazani. Anayetisha makumbusho hukimbilia gizani. Ukiinua ngozi ya zamani au blanketi la sufu ukaona kidudu cha rangi ya dhahabu iliyofifia, kisicho na madoa, chenye kishungi chekundu-kahawia kichwani, kikitimua mbio badala ya kuruka, huyo ni Tineola bisselliella. Jamaa yake, Tinea pellionella, ana madoa meusi mbawani, na kiwavi wake hutembea na kifuko alichojifumia.

Nondo mzima hali kitu. Viwavi ndio watafunaji wa sufu, nywele na manyoya. Watafiti wanaona kuwa Tineola huenda alitoka Afrika, akafika Ulaya kwa biashara.

Mwaka 1905 na 1906 Yngve Sjöstedt wa Sweden alikusanya ndege, wanyama na wadudu wa Kilimanjaro, akipiga kambi Kibong'oto. Hazina kama hiyo, yenye ngozi na manyoya, haistahili kuachiwa viwavi. Kitu kilichovamiwa hufungwa vizuri kwenye plastiki na kugandishwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, siku 3. Mayai nayo hufa.