Ekicholong: Mafuta au Rangi?

Kigoda cha zamani cha Mturkana hakina rangi moja. Juu, pale palipobonyea kidogo, mbao ni nyeusi na inang'aa kwa sababu imesuguliwa miaka na miaka na shingo, mapaja na viganja. Ukishuka kwenye miguu unakuta wekundu hafifu, na ukiinamisha kigoda kwenye mwanga unaona vijibonde vidogo vilivyoachwa na tezo siku kilipochongwa. Hakina msumari wala gundi. Ni kipande kimoja cha mti, na ukanda wa ngozi wa kukibebea.

Je, wajua kwamba mng'ao ule haukutoka kwenye kopo lolote la dukani?

Waturkana hukiita ekicholong, na ni mali ya mwanamume. Mchana hukikalia kivulini, mbali kidogo na mchanga unaounguza. Akitaka kulala hukigeuza mto na kukiweka chini ya shingo. Zamani wanaume walipokuwa wakifinyanga nywele zao kwa udongo wa rangi na kuzichomeka manyoya ya mbuni, kigoda hicho ndicho kilichozuia urembo huo usipondeke usiku. Hata leo, katika tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar, wazee huonekana wakiwa na fimbo mkono mmoja na ekicholong mkono wa pili.

Ndugu za kigoda hiki wametapakaa mbali. Wasomali wana barkin, mto wa mbao wa kulalia. Wadinka hutafuta tawi lililopinda lenyewe na kuligeuza kiti na mto. Mwaka 1922 Howard Carter alipofungua kaburi la Tutankhamun nchini Misri, miongoni mwa mali za mfalme huyo aliyefariki zaidi ya miaka 3,300 iliyopita ilikuwamo mito ya kulalia ya aina hiyohiyo. Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, ni mahali pa nadra ambapo jamii nyingi zenye utamaduni huu zinaishi jirani: kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliotembea kwa miguu wakikimbia vita vya Sudan, na baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia na wengine.

Sasa limezuka swali ambalo mababu hawakulazimika kulijibu. Maduka ya vifaa vya ujenzi ya Lodwar na Kakuma yanauza rangi ya mafuta na vanishi. Mtu amerithi kigoda cha babu, au ana benchi kuukuu au mlango uliofifia, na anatamani kukifanya kiwe kipya. Apake rangi au aache? Wenye nyumba za zamani zenye sakafu za mbao hujiuliza vivyo hivyo wanapotazama chini. Turkana sakafu nyingi ni za saruji au udongo, kwa hiyo hapa swali huangukia kigoda. Sayansi ya kulijibu ni ileile.

Kwanza, mbao haitulii. Hata mti ukiwa umekatwa miaka 50 iliyopita, mbao yake huendelea kunyonya unyevu wa hewa na kuutoa. Hewa yenye unyevu wa 80%, kama ya pwani, huifanya mbao itulie ikiwa na maji karibu 16% ya uzito wake mkavu. Hewa yenye unyevu wa 40% huishusha hadi 7% au 8%. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi tu kwa mwaka, na joto la mchana hufika nyuzi 35 na kuzidi. Chukua ubao wa kawaida wenye upana wa sentimita 20 uliozoea hewa ya pwani, uulete Lodwar: unaweza kusinyaa kwa upana milimita 4 hivi, huku urefu wake ukibaki karibu vilevile. Ndiyo maana nyufa hufuata urefu wa ubao.

Pili, rangi ya kopo ni utando. Ikikauka hubaki juu ya mbao na kushikamana nayo. Mbao inaposinyaa na kutanuka chini yake, utando unavutwa huku na huku, na siku unapochoka unapasuka. Unyevu huingia kwenye ufa, na kipande kinabanduka. Kwenye sakafu mambo huanza kuharibika kwenye maungio, kwa sababu kila ubao unasogea kivyake, kisha karibu na mlango ambako kila mguu unapita. Kwenye ekicholong kuna tatizo jingine tena: mbao imepakwa mafuta ya mnyama na kuyanywa kwa miaka mingi, na rangi haishiki juu ya mafuta. Itakaa ikinatanata, kisha itavuliwa na jasho la shingo.

Mafuta ya mnyama hufanya kazi kwa namna nyingine. Yanaingia ndani ya vinyweleo vya mbao na kupunguza kasi ya maji kuingia na kutoka, hivyo mbao hupata muda wa kusinyaa taratibu bila kupasuka. Wakati mwingine mafuta hayo huchanganywa na udongo mwekundu, na hapo ndipo ujuzi wa wachongaji unapostaajabisha. Wekundu wa udongo huo ni oksidi ya chuma, nayo huzuia miale ya urujuanimno ya jua isifikie lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Lignini ikiungua kwa jua, mbao hugeuka kijivu na kuchakaa. Kwa hiyo kigoda cha Turkana kimepakwa rangi tangu zamani, ila rangi hiyo haina utando.

Wasweden waligundua jambo hilohilo wakiwa kwenye theluji. Nyumba zao nyekundu za mbao hupakwa rangi ya Falun, iliyotokana na mabaki ya mgodi wa shaba wa mji huo: oksidi ya chuma ikichemshwa na maji, unga na mafuta ya kitani. Haibanduki kwa magamba. Huchakaa polepole ikawa vumbi, na mwenye nyumba husugua vumbi hilo kwa brashi na kupaka upya. Karibu na kwetu, mafundi wa majahazi ya Lamu na Zanzibar wamekuwa wakipaka ubavu wa chombo sifa, yaani mafuta ya ini la papa, na sehemu iliyo chini ya maji wakiipaka shahamu, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama.

Hii haina maana kwamba rangi ya kopo ni adui. Mlango unaotazama magharibi, fremu ya dirisha, nguzo ya kibanda cha sokoni: hivi hupigwa jua kutwa na havishikwi sana, na rangi nzuri ya nje huvilinda vizuri, mradi mbao ni kavu, imepigwa msasa, na mtu yuko tayari kuirudia kila inapochoka. Vyombo vya maziwa kama elepit vibaki bila rangi kabisa. Tena, kabla ya kupiga msasa rangi ya zamani, ni lazima kufikiria risasi. Madini hayo yalitiwa kwenye rangi kwa miaka mingi. Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za nyumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linahimiza kiwango kisizidi sehemu 90 kwa milioni. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Rangi ya zamani ambayo haijulikani ilikotoka isikwanguliwe ikiwa kavu, na watoto wawekwe mbali.

Uamuzi wenyewe unaweza kuanza na tone la maji. Lidondoshe juu ya mbao usubiri dakika chache. Likikaa kama shanga, mbao bado ina mafuta au nta, kwa hiyo rangi haitashika na wala haihitajiki. Kitambaa chenye mafuta kidogo kinatosha. Likinywewa na kuacha doa jeusi, mbao ina kiu. Hapo chagua: mafuta ukitaka kuendelea kuona mishipa ya mti, rangi ukiwa huna haja ya kuiona mishipa hiyo. Kumbuka tu kwamba mafuta unaweza kuyafuata na rangi baada ya kusafisha kwa bidii, lakini rangi ikishapigwa juu ya kigoda cha babu, kuiondoa kutauondoa pia weusi wa miaka 40.

Anayetumia mafuta ya kitani ana tahadhari moja kubwa. Mafuta hayo hukauka kwa kuungana na oksijeni, na muungano huo hutoa joto. Matambara yaliyolowa yakirundikwa pamoja huweza kuwaka yenyewe. Tarehe 23 Februari 1991 matambara ya namna hiyo, yaliyotumika kung'arisha mbao za ukutani, yaliwasha moto katika jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 mjini Philadelphia, na wazima moto 3 wakafa. Katika joto la Lodwar, tambara lianikwe peke yake nje likauke, au litumbukizwe kwenye maji.

Na kama kuna atakayetaka kuweka sakafu ya mbao Kakuma, malighafi iko mlangoni. Mti wa mathenge, ambao Waturkana huuita etirae, umesambaa kando ya mito ya Turkwel na Tarach na kuchukiwa kwa miiba yake. Wengi huukata kwa makaa tu. Lakini mbao za jamii yake husinyaa kidogo mno zikilinganishwa na miti mingi. Katika karne ya 19 mji wa San Antonio, Texas, ulitandika barabara kwa vipande vya ndugu yake, na hadi leo mafundi wa huko hutengeneza sakafu za nyumba kwa mti huo. Shina la mathenge ni fupi na limepinda, kwa hiyo fundi seremala atapata vipande vya urefu wa mkono badala ya mbao ndefu. Kwa ekicholong, benchi au sakafu ya vipande, urefu huo unatosha.