Mama Mkwe Akisema Mtoto Apewe Maji

Leo tuzungumzie jambo linalozua ugomvi katika nyumba nyingi. Mtoto ana miezi 2, jua ni kali, na mama mkwe amekuja na kikombe cha maji. "Mtoto ana kiu," anasema. Wewe uliambiwa kliniki kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Utafanyaje?

Ukimjibu, "Daktari amekataza," ataona unamdharau. Yeye amelea watoto, na anampenda mjukuu wake. Anza hapo. Mwambie, "Asante mama kwa kumjali." Kisha mweleze sababu. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, nayo yanamtosha mtoto hata wakati wa joto. Maji ya kikombe hujaza tumbo lake dogo, akanyonya kidogo, na maziwa yako yakapungua. Yakiwa machafu, mtoto ataharisha. Kinachoruhusiwa ni dawa iliyoandikwa na mhudumu wa afya.

Maneno yasipotosha, mwonyeshe. Mtoto wa umri huo akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo haujakolea rangi, anapata maji ya kutosha. Hesabuni pamoja. Siku ya kliniki mwombe akusindikize, aulize maswali yake mwenyewe.

Usimwache mikono mitupu. Mwombe amcheulishe mtoto, amwogeshe, ambebe wakati unakula. Akiona ana nafasi katika malezi, kikombe atakiweka chini mwenyewe.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.