Mwanagenzi na keki ya ghorofa: Nguzo kwanza, mapambo baadaye

AGHALABU huwa ni saa moja kabla ya wageni kufika. Keki ya ghorofa mbili aliyoioka mzazi kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya bintiye anayetimiza miaka mitano, imeanza kuegemea upande mmoja. Maua ya sukari yanateleza, ghorofa ya juu inazama ndani ya ile ya chini, na mwenye siku yake yuko mlangoni akiuliza iwapo sasa anaweza kuiona.

Mkasa wa aina hii huwapata wengi, nao huishia kuilaumu mikono yao. Hata hivyo, mara nyingi keki yenyewe huwa imeiva vyema na ni tamu. Kinachokosekana ni ujuzi wa ujenzi. Keki ni kitu laini chenye hewa tele ndani yake, na haikuumbwa kubeba keki nyingine. Anayelifahamu jambo hilo mapema huokoa siagi, mayai na sukari yake, na pia furaha ya mtoto.

Hatua ya kwanza ni hesabu. Kwa mwanagenzi, ghorofa mbili zinatosha: ya chini yenye upana wa sentimita 20 na ya juu sentimita 15. Kila ghorofa hujengwa kwa keki mbili zilizobandikwa pamoja kwa krimu.

Kanuni ya kale ya kupima keki ni rahisi kukumbuka: unga wa ngano, siagi, sukari na mayai huwa na uzito sawa. Mayai manne ya kadiri, bila maganda, huwa na takriban gramu 200. Hivyo basi, keki moja ya sentimita 20 huhitaji mayai manne na gramu 200 za kila kimojawapo cha vitu vile vingine.

Hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba bati la sentimita 15 huhitaji robo tatu ya kipimo hicho, ilhali kinachojazwa ni eneo wala si upana. Bati hilo dogo huhitaji zaidi ya nusu kidogo tu. Kwa jumla, mayai 13 na gramu 650 za unga, siagi na sukari, kila kimoja, hutosheleza keki zote nne.

Suala la pili ni mahali anapoishi mwokaji. Vitabu vingi vya mapishi huandikiwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa huo, nao mji wa Eldoret hupita mita 2,000. Huko juu kani ya hewa ni ndogo, na kwa sababu hiyo mapovu ndani ya keki hutanuka upesi kuliko inavyotakiwa. Keki hupanda kwa kasi, kisha hubonyea katikati kabla haijashikana.

Dawa yake ni kupunguza poda ya kuumulia. Ikiwa mwokaji wa Mombasa hutumia kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 100 za unga, mwenzake wa Nairobi anaweza kupunguza robo ya kiasi hicho na kuongeza vijiko viwili au vitatu vya maziwa, kwani unyevu nao hukauka haraka zaidi nyanda za juu.

Katika oveni yenye joto la nyuzi 170, keki ya sentimita 20 huchukua kama dakika 40, na ile ndogo huiva mapema kidogo. Mlango usifunguliwe katika dakika 25 za mwanzo. Asiye na oveni anaweza kutumia sufuria kubwa iliyotandikwa mchanga mkavu, bati likawekwa juu ya mchanga na kifuniko kikapaliwa makaa machache. Kijiti kikichomwa katikati na kutoka kikavu, keki imeiva.

Baada ya hapo inahitajika subira. Keki yenye joto huyeyusha krimu na kukatika ovyo. Ni heri kuoka siku mbili kabla ya sherehe, kuziacha keki zipoe kabisa, kisha kuzifunga vizuri zisikauke. Siku ya pili, vichwa vilivyovimba hukatwa kwa kisu chenye meno mpaka viwe tambarare. Kasoro ndogo ya chini huonekana kubwa zaidi juu, kama ilivyo kwa ukuta wa nyumba.

Krimu ya siagi hutengenezwa kwa sehemu moja ya siagi na sehemu mbili za sukari laini ya aisingi. Kwanza hupakwa tabaka jembamba la kunasa chembechembe, na baada ya nusu saa hupakwa tabaka la pili. Pwani, ambako siagi hulainika hata kivulini, nusu yake yaweza kubadilishwa kwa mafuta magumu ya mboga, ambayo hustahimili joto zaidi.

Sasa ndipo zinapoingia nguzo. Ghorofa ya juu, ikishapakwa krimu, huwa na uzito unaozidi kilo moja. Kijiti cha mshikaki huchomwa katika keki ya chini hadi kwenye sahani, hutiwa alama sawa na uso wa keki, kisha huchomolewa na kukatwa. Vijiti vingine vinne hukatwa kwa urefu uo huo, na vyote vitano kupangwa kwa duara ndogo kuliko keki ya juu.

Keki ya juu nayo huwekwa juu ya kadibodi ngumu ya sentimita 15 iliyofunikwa kwa karatasi safi ya kuokea. Kwa njia hiyo uzito hupita katika kadibodi, ukashuka kupitia vijiti na kufika kwenye sahani. Keki ya chini haibebi chochote.

Iwapo sherehe inafanyika kwingine, ghorofa hizo zisafirishwe kila moja katika kisanduku chake na kuunganishwa huko huko. Matuta ya barabarani na breki za matatu hazina huruma kwa keki iliyokwisha kusimamishwa.

Mapambo huja mwisho, nayo hayahitaji vifaa vya bei. Karatasi ya kuokea ikikunjwa mfano wa pembe, kama afungavyo mwuza njugu, na kukatwa ncha, hutosha kuchora nukta, mistari na jina la mtoto. Mstari wa nukta kubwa kubwa pale ghorofa mbili zinapokutana huficha kadibodi na kasoro zozote.

Hata hivyo, kuna mapambo ya kuepukwa. Peremende ngumu, shanga za sukari na njugu nzima huweza kumpalia mtoto mdogo. Aisingi ya ute wa mayai mabichi haifai kwa watoto wachanga. Vijiti vya kusafishia meno visitumiwe kushikiza maua, kwani ni vigumu kuvikumbuka vyote wakati wa kukata.

Mishumaa ikishazimwa, ghorofa ya juu huondolewa kwanza pamoja na kadibodi yake na kukatiwa kando. Kisha vijiti huchomolewa kimoja kimoja na kuhesabiwa. Vikiwa viliingia vitano, sharti vitoke vitano kabla mtoto yeyote hajapewa kipande chake.