Faili Likataliwe Mapema

Mwishoni mwa Juni, saiba za Kisauni, Mombasa, hazikosi foleni. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya watu binafsi nchini Kenya kuwasilisha ritani za kodi, na wengi hungoja hadi dakika za lala salama. Kule Changamwe, jirani na bandari, kazi ya kupakia mafaili haina msimu: mawakala wa forodha hutuma ankara, hati za shehena na vyeti vilivyoskaniwa mwaka mzima.

Hesabu ya kupakia ni nyepesi. Faili la megabaiti 20 ni megabiti 160. Laini inayopandisha megabiti moja kwa sekunde italisafirisha kwa sekunde 160, karibu dakika tatu, hata kama laini hiyohiyo inashusha video bila kukwama. Mitandao ya simu hutenga nafasi kubwa zaidi kwa data inayoshuka, na simu yenye betri ndogo haiwezi kurusha mawimbi kwa nguvu za mnara. Nyaya za TEAMS na SEACOM, zilizofika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009, ziliifungulia Kenya njia pana ya kwenda ulimwenguni. Kipande kilichobaki chembamba ni kile kilicho kati ya simu ya mtu wa Likoni na mnara ulio karibu naye.

Dakika tatu zinapita, bando linaliwa, halafu tovuti inatangaza: faili ni kubwa mno. Hapo mtumiaji amedhulumiwa, kwa sababu seva ingeweza kujua jambo hilo kabla ya kupokea hata baiti moja ya faili lenyewe.

Kivinjari kinapotuma fomu hutanguliza maelezo mafupi ya maandishi, na ndani yake kwa kawaida hutaja idadi ya baiti zinazofuata. Vivyo hivyo, lori linalotoka Changamwe kuelekea Nairobi lina karatasi zinazotaja uzito wa mzigo, lakini bado hupita kwenye mizani ya Mariakani. Likizidisha, linazuiwa hapo, safari ikiwa bado changa. Seva nzuri hufanya yote mawili. Husoma idadi iliyotajwa na kukataa papo hapo ikivuka kiwango, kisha huendelea kuhesabu baiti zinapoingia, maana programu ya mtumaji inaweza kudanganya au kutotaja ukubwa kabisa.

Kanuni za mawasiliano ya wavuti, HTTP 1.1, zilizochapishwa mwaka 1999 zilikwenda mbali zaidi. Zinamruhusu mtumaji kupeleka maelezo yale peke yake, akasita, akangoja jibu. Nambari 100 maana yake endelea. 413 maana yake mzigo umezidi. Programu ya curl inautumia utaratibu huu kwa mizigo mikubwa. Vivinjari vya kawaida, kwa bahati mbaya, haviutumii: vinaanza kumwaga faili bila kungoja. Seva ikikataa katikati na kukata mawasiliano, mara nyingi mtu huona tu kwamba muunganisho umekatika, asijue kosa ni nini. Akijaribu tena, bando linaliwa upya.

Kuna kasoro nyingine iliyojificha ndani zaidi. Nginx, programu ya seva inayotumika sana duniani, isipobadilishwa mipangilio hukomea megabaiti 1, na kiasi kilicho ndani ya kikomo chake hukikusanya chote kwanza ndipo hukikabidhi kwa programu iliyo nyuma. Lugha ya PHP nayo kwa kawaida huanza kuendesha msimbo wa tovuti baada ya faili zima kuwasili. Ukaguzi ulioandikwa katika msimbo huo, hata uwe makini namna gani, unafanyika mzigo ukiwa umeshafika. Tena fomu nzima ikizidi kikomo cha PHP, ambacho kwa desturi ni megabaiti 8, msimbo hupokea fomu tupu, na mtu aliyejaza kila kitu anaambiwa hajajaza chochote.

Dawa ya kwanza basi iko upande wa mtumiaji. Mistari michache ya JavaScript inaweza kusoma ukubwa wa faili mara tu linapochaguliwa, hata kabla ya kitufe cha kutuma kubonyezwa. Inaweza pia kuchungulia baiti za mwanzo: PDF huanza na herufi %PDF, JPEG huanza na baiti FF D8 FF, na ZIP huanza na PK, herufi za jina la mbunifu wake Phil Katz. Picha iliyobandikwa jina la PDF inagunduliwa hapohapo. Mfumo wa iTax wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) una mfano mzuri wa fikra hii: fomu yake ya Excel hukagua maingizo kwenye kompyuta ya mlipakodi, huonyesha makosa, na hutengeneza faili la ZIP la kupakiwa pale tu yanapokuwa yamesahihishwa.

Ukaguzi huo wa upande wa mtumiaji haumwondolei mwenye seva wajibu wake, kwani mdanganyifu anaweza kuuruka. Na yapo mambo yasiyojulikana mapema. Orodha kuu ya yaliyomo ndani ya ZIP huandikwa mwishoni mwa faili, na faili dogo linaweza kufumuka likawa kubwa ajabu: lile maarufu la 42.zip lina kilobaiti 42 tu, lakini likifunguliwa tabaka zote hufikia petabaiti 4.5.

Kwa mafaili makubwa kweli, njia inayofaa ni kuyakata vipande. Google Drive hupokea vipande ambavyo ukubwa wake ni zidisho la kilobaiti 256, na itifaki huria ya tus hufuata wazo hilohilo la kuendeleza kazi iliyokatika. Kipande cha kwanza kinatosha kuitambua aina ya faili. Kila kipande kinaweza kwenda na hesabu yake ya uthibitisho, kilichoharibika njiani kikarudiwa peke yake. Stima ikipotea Kisauni katikati ya kazi, simu ikirudi mtandaoni huiuliza seva imepokea kiasi gani. Seva hutaja idadi ya baiti, na simu huendelea kuanzia hapo.