Swali la hesabu tulipeleke wapi?

Wengi mnatuuliza swali la hesabu likishinda lipelekwe wapi kwenye intaneti. Sisi walimu wa kujitolea tunasema siyo MathOverflow. Huko, tangu 2009, wanaulizana watafiti. Swali la sekondari linafungwa, na mtoto anaanza kujiona mjinga. Kumbe kakosea mlango tu! Mlango wake ni Mathematics Stack Exchange, ulioanza 2010, unaopokea watu wa ngazi zote, tena bure. Ila onyesha ulipofika: umejaribu nini, umekwama mstari gani. Ukibandika zoezi tupu, nako watalifunga, na bando limeshakwenda. Kule wanaandika Kiingereza. Kama kinakusumbua, njoo na daftari jioni, tutaliandika pamoja.