Njia za Miguu Kando ya Maziwa na Mito ya Singida

Mkoa wa Singida, ulioanzishwa mwaka 1963 katikati ya Tanzania, hutajwa zaidi kwa alizeti, asali na kuku wa kienyeji kuliko kwa maji, na msafiri anayeupita kwa basi akitoka Dodoma kwenda Mwanza huweza kuumaliza akiamini kwamba ameona nchi kavu tupu. Hata hivyo, ndani ya ukavu huo, ambamo mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kuna maziwa, mito na ardhi oevu, yaani maeneo yanayofunikwa na maji mwaka mzima au kwa sehemu ya mwaka. Kandokando ya maji hayo umetanda mtandao wa njia za miguu zilizokanyagwa kwa vizazi na wachungaji, wavuvi, warina asali na wanawake wachotao maji. Kwa sababu hiyo, Singida ikitaka kukuza utalii wa kutembea kwa miguu haina haja ya kuchonga njia mpya. Inachopaswa kufanya ni kuzitambua na kuzilinda zile ambazo wananchi wake wanazo tayari.

Maji yasiyofika baharini

Ili kuzielewa njia hizo, ni vyema kwanza kuelewa mwenendo wa maji yenyewe. Sehemu kubwa ya mkoa imo katika Bonde la Kati, ambalo ni eneo la mito inayoishia katika maziwa na mabwawa ya bara bila kufika baharini, na ambalo husimamiwa na bodi ya maji yenye makao makuu mjini Singida. Mto Wembere hutiririka kuelekea kaskazini ukipita katika uwanda mpana hadi Ziwa Kitangiri. Kutoka hapo Mto Sibiti huyachukua maji na kuyapeleka Ziwa Eyasi, na safari yake hukomea huko, kwa kuwa Eyasi halina mto unaolitoa maji. Jua na upepo, ambao Singida inao kwa wingi, huyageuza maji hayo kuwa mvuke na kuacha chumvi na magadi, na ndiyo maana maziwa mengi ya eneo hili yana maji ya chumvi na mwambao wake husogea mbele au kurudi nyuma kulingana na mvua za mwaka.

Mwambao wa Singidani na Kindai

Njia iliyo rahisi kuliko zote kwa mgeni huanzia ndani ya Manispaa ya Singida, mji uliopo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambao umekaa kati ya Ziwa Singidani upande wa kaskazini na Ziwa Kindai upande wa kusini. Mwambao wa Singidani umepambwa kwa mawe makubwa ya matale, mengine yakiwa yamepandana kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Mawe hayo yalianza kupata umbo lake yakiwa bado chini ya ardhi, pale maji yalipopenya katika nyufa za mwamba na kuulainisha kutoka pande zote, kisha mmomonyoko ukaondoa sehemu iliyolainika na kuacha viini vigumu juu ya uso wa nchi.

Katika vipindi ambavyo maji yana chakula cha kutosha, mtembeaji huweza kuwaona heroe wadogo, ndege wa rangi ya waridi na miguu mirefu, wakila kwa namna ambayo ndege wachache sana duniani huiweza. Heroe huinamisha shingo mpaka mdomo wake ukageuka juu chini ndani ya maji, ulimi ukafanya kazi ya pampu kwa kuyavuta maji na kuyasukuma nje kwa kasi, huku vijiuzi vyembamba vilivyomo mdomoni vikichuja mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo ndio unaompa ndege huyo rangi yake. Kwa kuwa heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hasa katika Ziwa Natron, maziwa ya Singida kwao ni mahali pa kulisha miili kati ya safari moja na nyingine, na mtu anayewasogelea mno hadi wakaruka huwapotezea nguvu ambazo wamezikusanya kwa saa nyingi. Mtembeaji mwenye adabu, basi, hubaki nyuma ya mawe na kutazama kwa mbali.

Kutoka Sekenke hadi Sibiti

Magharibi mwa mkoa, wilayani Iramba, nyanda za juu hukatika ghafla kwenye mteremko wa Sekenke, ambao ni sehemu ya kingo za Bonde la Ufa, yaani mpasuko mkubwa wa gamba la dunia unaokata Afrika Mashariki. Dhahabu ya mahali hapo ndiyo iliyotumiwa na utawala wa Kijerumani mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kufua sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Anayesimama juu ya mteremko huo huuona uwanda wa Wembere ukienea chini yake, na anayeshuka hadi Shelui na kuendelea kuelekea Ziwa Kitangiri huingia katika nchi ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa masika hunywa maji na kuvimba hadi usipitike, na wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa pana. Hiyo ndiyo sababu miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo inayofaa kwa safari za miguu katika uwanda huu.

Njia za kando ya Kitangiri, katika maeneo kama Tulya na Doromoni, ni za wavuvi wa perege na kambare, nazo hupinda kufuata matete na kuhama ziwa linapojaa. Mgeni hapaswi kuingia humo bila mwenyeji, kwa sababu mvuvi anajua ni wapi tope humeza mguu na ni wapi wanyama hatari hupenda kutokea.

Zaidi ya hapo, wilayani Mkalama, Mto Sibiti huelekea katika nchi ya Wahadzabe, jamii ambayo baadhi ya watu wake bado huishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali. Maarifa yao ya kutembea yanaonekana vizuri katika ushirikiano wao na mlembe, ndege mdogo anayependa nta: Mhadzabe hupiga mluzi, ndege hujibu na kuruka kutoka mti hadi mti akimtangulia, na nyuki wakishafukuzwa kwa moshi, mtu huchukua asali naye ndege hula nta iliyosalia. Anayetaka kutembea pamoja na jamii hii hana budi kupitia serikali ya kijiji na kuomba ridhaa ya wenyewe, maana hawa ni wenyeji wa ardhi na hawapaswi kugeuzwa maonyesho.

Kilimatinde na njia ya misafara

Kutembea kwa miguu kuna historia ndefu na yenye uchungu katika mkoa huu. Kusini, wilayani Manyoni, mji wa Kilimatinde umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo misafara ya karne ya 19 ilipanda kutoka Ugogo ili kuikabili Mgunda Mkali, nyika kavu iliyoitenga Ugogo na Unyamwezi. Humo walipita wapagazi wenye mizigo ya pembe za ndovu na nguo, watumwa waliofungwa minyororo, na wasafiri wa Kizungu kama Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871. Baada ya Reli ya Kati kupita Saranda na Manyoni na kufika Tabora mwaka 1912, njia hiyo ilipoteza umuhimu wake, lakini mwaka 2006 Tanzania iliiweka Kilimatinde, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Njia ya namna hii hutembewa kwa heshima, kama mtu anavyozuru kaburi la wahenga.

Sheria inayoweza kulinda njia

Njia nyingi zilizoelezwa hapa hazina kibao wala ramani, na udhaifu wake mkubwa ni kwamba zinaweza kufungwa kimyakimya na shamba linalolimwa hadi ukingoni mwa maji au kwa uzio. Njia inapofungwa, mchungaji hupitisha ng'ombe shambani na ugomvi ukazuka, na mwanamke aliyekuwa akichota maji karibu hulazimika kuzunguka mbali. Kwa hiyo hasara humfikia mwenyeji kabla ya kumfikia mtalii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Ukanda huo ukiheshimiwa, tayari ni ushoroba wa kupitia watu bila kuharibu kitu. Pia Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inavipa vijiji nafasi ya kuandaa mipango yao, ambamo njia za miguu na za mifugo zinaweza kuchorwa na kulindwa.

Nchi nyingine zimeonyesha kwamba jambo hili linawezekana: mwaka 2012 Wales ilizindua njia ya miguu ya takribani kilomita 1,400 inayofuata mwambao wake wote, kwa kuunganisha njia nyingi zilizokuwapo. Singida yenyewe ina fundisho la karibu zaidi, kwani katika miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyopakana na msitu wa Mgori viliulinda msitu huo wenye takribani hekta 40,000 kwa doria za miguu za wanakijiji. Watu waliomudu kazi hiyo hawawezi kushindwa kulinda njia ya ziwani. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuanza na njia moja tu, ukaweka alama mipaka yake, ukateua waongozaji kutoka miongoni mwa vijana wanaoijua nchi yao, na ukaamua kwamba ada inayolipwa na mgeni iingie katika mfuko wa kijiji na matumizi yake yasomwe hadharani, ili kila mkazi aone faida ya kuiacha njia ikiwa wazi.